Vipimo vya Septemba, maji ya Mei: uchambuzi wa kisa cha nyumba 412 kando ya mto

Kisa hiki kinahusu mradi wa nyumba katika wilaya moja ya pwani ya Tanzania. Majina ya mwendelezaji, mshauri elekezi, mtaa na mto yameondolewa, na vipimo vingine vimezungushwa ili eneo lisitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaofanya Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM), maofisa mazingira wa halmashauri wanaopitia ripoti, na waendelezaji wanaoilipia kazi hiyo. Karibu kila jambo lililoleta hasara katika mradi huu lilikuwa limeshajulikana na mtu, tena limeshaandikwa mahali. Lilikwama njiani kati ya daftari na mchoro, na ndiyo sababu ya kulirudia hapa hatua kwa hatua.

## Eneo na mradi

Shamba lilikuwa la hekta 24, karibu mstatili: mita 500 kutoka barabara ya juu hadi mtoni, na mita 480 kandokando ya mto. Kutoka juu hadi chini ardhi inashuka mita 14, mteremko ambao kwa macho hauonekani kuwa kitu. Juu kulikuwa na mikorosho mizee kwenye kichanga chekundu. Katikati udongo unaanza kushika. Chini, mita 150 za mwisho, ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi mpaka mkono unazama kwenye ufa, na ukinyeshewa unanasa gari. Kando ya mto wakazi wa mtaa jirani hulima mpunga kwenye majaruba. Ndani ya mita 300 kutoka mpaka wa chini wa mradi kulikuwa na visima 19 vya pete, na kaya zinazovitegemea hazikuwa na maji ya bomba.

Mwendelezaji alipanga nyumba 412 kwenye viwanja vya wastani wa mita za mraba 350. Kwa watu 5 kwa nyumba, hao ni wakazi 2,060. Kwa lita 100 kwa mtu kwa siku, mahitaji ya maji ni mita za ujazo 206. Ukikadiria kwamba asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama majitaka, unapata mita za ujazo 165 kila siku. Mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji haukufika huko. Kwa hiyo mchoro wa kwanza uliipa kila nyumba karo lake na shimo la kufyonza lenye kina cha mita 2.5.

Kisheria hapakuwa na utata mkubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka TAM ifanyike kabla ya mradi kuanza, na kanuni zake za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinaeleza hatua: usajili wa mradi kwa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), upembuzi wa mambo ya kuchunguzwa na hadidu za rejea, utafiti wenyewe, kisha mapitio ya kamati ya wataalamu. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Utata ulikuwa mdogo na wa kiutendaji: ukingo wenyewe uko wapi?

## Mlolongo wa mambo

Septemba. Mshauri elekezi alichimba mashimo 8 ya majaribio, kila moja mita 3. Sita yalikuwa makavu kabisa. Mawili ya chini yalionyesha unyevunyevu kwenye mita 2.7, na daftari la fundi lina neno hilo hilo, «unyevunyevu», bila kipimo kingine. Kwenye ripoti likageuka kuwa «maji ya ardhini hayakukutwa». Siku hiyo hiyo vilipimwa vijishimo vya ufyonzaji: maji yalimiminwa na saa ikaanza kusoma papo hapo. Matokeo yalikuwa sekunde 18 hadi 24 kwa kila milimita, eneo zima, juu mpaka chini.

Namba hiyo ilipaswa kumshtua mtu. Kichanga na mfinyanzi haviwezi kunywa maji kwa kasi moja. Kilichotokea ni kwamba mfinyanzi wa chini ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakikimbilia kwenye nyufa badala ya kupenya kwenye udongo. Ndiyo maana utaratibu wa kipimo hiki unataka udongo ushibishwe kwanza: unachimba kijishimo cha milimita 300 kwa 300, kina chake kikishuka milimita 300 chini ya usawa wa bomba litakalomwaga, unakijaza maji na kukiacha usiku kucha. Kesho yake unakijaza tena na kupima muda wa maji kushuka milimita 150 za katikati. Gawanya sekunde kwa 150, rudia mara tatu, chukua wastani. Aliyeruka usiku ule mmoja amepima nyufa tu.

Novemba. Mkutano wa wadau ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata walihudhuria, pamoja na wakazi 64. Mengi yaliyosemwa yalikuwa ya ajira, fidia ya mikorosho na vumbi la malori. Lakini mama mmoja alisimama akasema kwamba masika kisima chake hakihitaji kamba. Huchota kwa kata, akiwa ameinama tu. Mwingine akaongeza kuwa vyoo vya bondeni hujengwa kwa kupanda ngazi, na mvua ikizidi kuna watu hutapisha vyoo, yaani huvitoboa ubavuni vijimwage kwenye mkondo wa mvua. Muhtasari wa mkutano uliyanukuu yote mawili vizuri. Kwenye safu ya majibu ya mshauri pameandikwa: «Maoni yamepokelewa.» Yakabaki kwenye kiambatisho.

Januari. Rasimu ya ripoti iliwasilishwa. Sura ya majitaka ilitumia vipimo vya Septemba. Mwendelezaji, kwa kuamini cheti cha TAM kiko njiani, alikwisha kuanza kupokea malipo ya awali, na hadi mwisho wa mwezi viwanja 61 vilikuwa na wanunuzi.

Machi. Kamati ya mapitio ilifika eneo la mradi baada ya mvua za wiki moja. Mmoja wa wajumbe aliomba kuonyeshwa kisima cha yule mama wa kwenye kiambatisho. Ndani ya pete ya pili kutoka juu kulikuwa na mstari wa ukungu wa kijani, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, nusu mita chini ya usawa wa ardhi. Juu ya mstari zege lilikuwa jeupe. Chini yake lilikuwa jeusi na lenye utelezi. Mstari wa aina hiyo haujengwi na mvua ya siku moja. Ni alama ya mahali maji yanapokaa wiki nyingi, mwaka baada ya mwaka. Kamati ilirudisha ripoti na kutaka vipimo vya masika.

Aprili na Mei. Mabomba 6 ya PVC ya nchi 2, yenye matundu na kufungwa kitambaa cha kuchuja, yalizamishwa mita 4, mawili katika kila ukanda. Yalisomwa mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Kina kidogo zaidi cha maji kutoka juu ya ardhi kilikuwa mita 2.9 ukanda wa juu, mita 1.4 katikati na mita 0.45 chini. Ufyonzaji ulipimwa upya kwa utaratibu kamili: sekunde 22 kwa milimita juu, 70 katikati, 140 chini. Yaani milimita 150 zilizoshuka kwa dakika 55 kwenye kichanga, bondeni zilichukua karibu saa sita.

## Maamuzi, na sababu zake

### Majitaka

Hesabu ya eneo la kufyonzea iliyotumika ni ile ya Uingereza, nyepesi na ya kuaminika: idadi ya watu mara sekunde kwa milimita mara 0.25, unapata mita za mraba za sakafu ya mitaro. Namba ya ufyonzaji ikiwa chini ya 15 maji yanapita haraka mno bila kuchujwa. Ikizidi 100 udongo haufai kabisa.

Ukanda wa juu, nyumba 155: 5 × 22 × 0.25 = mita za mraba 27.5. Inawezekana, ila kwa mitaro ya juujuu, maana shimo la mita 2.5 lingeacha sentimita 40 tu juu ya maji ya masika. Umbali unaokubalika kati ya kitako cha mfumo na maji ni angalau mita 1.2.

Ukanda wa kati, nyumba 150: 5 × 70 × 0.25 = mita za mraba 87.5, robo ya kiwanja. Weka nyumba, njia ya gari na ukuta, hakuna pa kuchimba. Zaidi ya hapo, kitako cha shimo kingekuwa ndani ya maji kwa zaidi ya mita moja.

Ukanda wa chini, nyumba 107: namba 140 imepita kikomo. Huko karo lisingefyonza chochote. Lingegeuka tanki la kunyonywa na gari la majitaka kila wiki chache, na yule asiye na pesa ya gari angetapisha, kama wanavyofanya majirani zake. Kisima cha karibu zaidi cha wakazi kilikuwa mita 11 kutoka mpaka, wakati umbali wa kawaida unaotakiwa kati ya kisima na shimo la kufyonza ni mita 30.

Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza, mtambo wa umeme unaopuliza hewa, ilikataliwa kwa sababu moja tu: umeme ukikatika saa kadhaa vijidudu vinaanza kufa, na hakuna aliyejitolea kulipia jenereta kwa miaka ishirini. Ya pili, matanki yaliyofungwa yanayonyonywa, iligonga hesabu ya kawaida. Mita za ujazo 165 kwa siku ni malori 16 au 17 ya lita 10,000, kila siku ya Mungu. Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: mabomba ya pamoja yanayoshuka kwa mteremko wenyewe hadi mtambo usiotumia umeme, wenye tanki la kutuliza, vyumba vya mfululizo ambamo majitaka hupanda na kushuka kupitia tope lenye vijidudu kwa takribani saa 24, kisha kitanda cha kokoto na matete chenye mita za mraba 2,060, mita moja kwa kila mtu. Lengo lilikuwa viwango vya kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007: BOD (oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu huo kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100. Kibali cha kumwaga maji kiliombwa kwenye bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009.

### Mita 60 kutoka wapi?

Mpima ardhi alikuwa amepima mita 60 kutoka katikati ya mkondo wa Septemba, wakati mto ulikuwa kijito cha kurukwa. Kamati ilitaka ipimwe kutoka ukingo ambao mto unaushika unapojaa. Ukingo huo ulitafutwa kwa alama tatu zilizopatana: mpaka wa mfinyanzi wenye tabaka za mchanga wa mto, mstari wa takataka zilizonasa kwenye matete, na maelezo ya wakazi juu ya mahali maji yalipofika Desemba 2011, mwezi wa mafuriko yaliyoipiga Dar es Salaam na kufanya kaya za bonde la Msimbazi zihamishiwe Mabwepande. Tofauti ilikuwa mita 22. Mara mita 480, ni mita za mraba 10,560: viwanja 30. Kati ya hivyo, 11 vilikuwa vimeshauzwa.

Huu ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote, na mwendelezaji anastahili sifa kwa kuukubali bila kukimbilia mahakamani. Sheria ya Tanzania inataja mita 60 bila kueleza kwa kina pa kuanzia. Kanuni za Kenya zinatumia umbali mfupi zaidi, kati ya mita 6 na 30, lakini zinasema wazi kwamba kipimo kinafuata usawa wa juu kabisa wa mafuriko uliowahi kurekodiwa. Mahali ambapo maandishi yako kimya, mtathmini aandike mwenyewe katika hadidu za rejea ameanzia wapi, na bikoni ziwekwe hapo kabla ya mchoro wa viwanja kuanza.

### Maji ya mvua

Hesabu ilikuwa ya kanuni rahisi: mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) ni sehemu ya mvua inayotiririka, mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara hekta, gawanya kwa 360. Shamba la mikorosho lilipewa 0.25, mtaa wa mabati na lami ulipewa 0.60. Kwa mvua ya milimita 80 kwa saa, mtiririko wa zamani ni 1.33 na mpya ni 3.2. Kwa mvua ya saa moja, ziada inayopaswa kushikiliwa ndani ya eneo ni 0.35 × 0.08 × 240,000 = mita za ujazo 6,720.

Mhandisi wa barabara aliipunguza kwa kubadilisha lami ya njia ndogo kuwa vitofali vyenye nafasi za kupitisha maji, 0.60 ikashuka hadi 0.52, na ziada ikawa 5,184. Kisha akapanga mabwawa mawili: la juu mita za ujazo 1,500, la chini 2,600 (mita za mraba 1,300 kwa kina cha mita 2). Pengo lililobaki alilijaza kwa matanki ya kuvunia mvua, moja la lita 3,000 kwa kila nyumba. Jumla kwenye karatasi ilitosha, ikazidi kidogo. Cheti kilitolewa Agosti.

Idadi ya nyumba ilishuka: 30 zilitoka kwa ajili ya mto, 9 kwa mtambo wa majitaka, na 17 zikapatikana kwa kuunganisha nyumba mbilimbili ukanda wa juu. Zikabaki 390. Wanunuzi 11 walipewa viwanja vingine au kurudishiwa pesa zao, jambo lililochukua miezi mitano na kuharibu imani ambayo haikulazimu kuharibika.

## Ujenzi, na masika mbili

Mpango wa usimamizi wa mazingira ulisema usafishaji ufanywe kwa awamu za hekta 5. Mkandarasi, aliyelipwa kwa siku za greda, alifyeka hekta 17 mwezi Februari. Masika ikakuta udongo uchi. Kichanga chekundu kilishuka, kikajaza nusu ya kalavati la barabara ya mtaa, na majaruba matatu ya mpunga yakafunikwa kwa tope la kiganja kizima. Viroba vya mchanga vilivyowekwa baadaye vilizuia kilichobaki. Wakulima walilipwa mavuno ya msimu, ingawa hawakuwa kwenye orodha ya fidia: ukanda wa mto ulihesabiwa kuwa hauna mtu, na aliyeuorodhesha hivyo alipita kiangazi, mpunga ukiwa umevunwa.

Mfumo wa majitaka ulifanya kazi. Nyumba za kwanza 120 zilipohamiwa mtiririko ulikuwa mdogo, na vyumba vya mtambo vilichukua takribani miezi minne kukomaa. Hilo lilitarajiwa, na tope la kuanzia liliagizwa kutoka mabwawa ya majitaka ya mjini. Visima vitano vya jirani vilivyopimwa kabla na baada havikuonyesha mabadiliko ya kuelezwa na mradi.

Kisha ikaja masika ya pili. Bwawa la chini lilikuwa na maji kabla ya mvua kubwa kunyesha. Maji yale yalitoka chini, si juu. Sakafu yake ilikuwa mita 2 ndani ya ardhi ambayo maji yake hukaa karibu mita 0.6 kutoka juu pale lilipochimbwa. Mita 1.4 za bwawa zilikuwa zimeshajaa maji ya ardhini. Iliyobaki huru ni 0.6 × 1,300 = mita za ujazo 780. Matanki ya nyumba nayo yalikuwa yamejaa tangu wiki ya kwanza ya mvua, kwa hiyo hayakupokea tone. Mahali pa kuhitaji 5,184, palikuwa na 2,280. Mvua ya usiku mmoja ililifurisha bwawa, ikapita juu ya tuta na kuchimba mita 40 za kingo ya barabara karibu na kalavati. Hakuna nyumba iliyoingiwa na maji, na hakuna aliyeumia.

Marekebisho yalifanyika kiangazi kilichofuata. Bwawa lilifukiwa hadi sakafu ikawa sentimita 30 tu chini ya ardhi, likazungushiwa tuta la sentimita 60 lililopandwa nyasi za vetiva, na likatanuliwa hadi mita za mraba 4,100 kwa kuchukua viwanja 8 ambavyo havijauzwa. Kina cha sentimita 90 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 3,690. Pamoja na bwawa la juu ni 5,190. Matanki hayakuhesabiwa tena. Nyumba zikawa 382.

## Uchambuzi

Namba sahihi ilikuwepo, ikakaa sura moja. Mita 0.45 ya Mei ilijulikana na mtu wa majitaka, na aliitumia vizuri sana. Mhandisi wa barabara, aliyepanga mabwawa ya mvua, alifanya kazi na rasimu ya Januari, yenye «maji ya ardhini hayakukutwa», kwa sababu hakuna aliyemtumia kiambatisho kipya. Walikuwa kwenye mkataba mmoja. Hili ndilo kosa kubwa la kisa hiki, na halikutokana na ujinga wa yeyote. Ripoti za TAM huandikwa kwa sura zinazogawanywa kwa wataalamu, kisha zinabandikwa pamoja siku ya mwisho. Dawa yake ni ukurasa mmoja wa vipimo vya msingi, wenye tarehe na toleo, ambao kila mchoro unalazimika kuutaja: usawa wa juu wa maji ya ardhini kwa kila ukanda, ufyonzaji, ukingo wa mto, usawa wa mafuriko. Ukibadilika mstari mmoja, kila aliyeutumia anatia saini upya.

Matanki ya mvua hayazuii mafuriko. Yanasaidia sana kupunguza ununuzi wa maji, na tungeyapendekeza kila mradi. Lakini tanki hujengwa ili likae limejaa, na bwawa la mafuriko hujengwa ili likae tupu. Huwezi kulihesabia tanki kazi zote mbili, isipokuwa liwe na nafasi ya juu yenye tundu dogo linalojimwaga lenyewe ndani ya siku moja.

Majira. Pwani hupata takribani milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kati ya Machi na Mei. Mkataba wa TAM wa wiki kumi unaosainiwa Agosti hauwezi kuyaona maji hayo. Mwendelezaji akishindwa kungoja, kuna ushahidi wa masika unaosomeka hata kiangazi: ukungu kwenye pete za visima, vyoo vya ngazi, madoa ya chumvi ukutani, rangi ya kijivu yenye mabaka ya kutu kwenye udongo wa shimo la majaribio, na mimea kama mafunjo na matete inayosimama mahali pasipo na maji. Mabaka hayo yalikuwepo kwenye mashimo mawili ya Septemba. Yanaonekana kwenye picha za ripoti, kuanzia mita 0.5 kwenda chini. Hakuna aliyeyatolea maelezo.

Mkutano wa wadau ulikuwa kipimo, ukahesabiwa kuwa utaratibu. Yule mama alitoa usawa wa maji ya ardhini kwa usahihi wa sentimita chache, bure, miezi mitano kabla ya mabomba ya PVC. Safu ya «majibu» kwenye muhtasari ingebadilishwa kuwa «nani atalithibitisha, lini, na linagusa mchoro upi», kazi ya Aprili ingefanyika Novemba kwa utepe wa kupimia na tochi.

Mipaka ya eneo la utafiti. Hesabu ya mvua iliangalia hekta 24 za mradi. Kalavati la barabara, mabomba mawili ya milimita 900, hupokea takribani hekta 190, na juu ya mradi kulikuwa na miradi mingine miwili ya viwanja inayoendelea. Kwa mvua ya milimita 50 kwa saa na sehemu inayotiririka ya 0.3, eneo hilo hutoa karibu mita za ujazo 8 kwa sekunde, wakati mabomba hayo hayapitishi hata nusu yake. Kalavati lilikuwa limeshazidiwa kabla ya mradi, na litaendelea kuzidiwa hata kila mradi ukishikilia maji yake yote. Jambo hili halimalizwi na ripoti ya mwendelezaji mmoja. Linahitaji halmashauri na wakala wa barabara wakae na ramani ya bonde zima.

Kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa sababu mtu alikwenda kuangalia. Kamati ilipoomba kuona kisima kimoja, nyumba 257 ziliepushwa na mashimo ya kufyonza yasiyofyonza. Uamuzi wa kupeleka majitaka kwa mteremko, bila pampu, umelipa kila umeme ulipokatika. Na ukanda wa mto, ambao mwanzoni ulionekana hasara ya viwanja 30, ndio uliopokea maji yaliyofurika bwawani usiku ule.

Bado kuna deni la uangalizi. Tope la mtambo linapaswa kunyonywa kila mwaka hadi miaka mitatu, na ada ya kila mwezi inayokusanywa na kamati ya wakazi hailipwi na kaya zote. Yale mabomba 6 ya kupimia maji ya ardhini yalitakiwa kubaki kwa ufuatiliaji. Manne yapo. Mawili yamefunikwa na zege la njia ya waendao kwa miguu, na yote mawili ni ya ukanda wa chini. Nafasi yake imeandikwa kwenye ramani ya Mei. Kuyafukua na kuyawekea mifuniko ni kazi ya siku moja kwa mafundi wawili, na inafaa ifanyike kabla ya Machi.